Praga ya Laki Sita

Krrr. Kimya. Krrr. Hatano alifumbua macho gizani akasikiliza ukucha ukipita juu ya karatasi. Alikuwa mama mkwe wake, Bi. Tsuya, ambaye usingizi ulishamkimbia akabaki na vidole vyake. Kulipokucha, mezani pamesimama Praga nzima: minara, daraja, mapaa yaliyochongoka, vyote vimekunjwa kwa karatasi moja isiyokatwa wala kutiwa gundi. Mji wenyewe, wa Ulaya, bibi aliuona tu kwenye kalenda ya kinyozi.

Mkwe mwingine angesema hongera. Hatano aliona mlo.

Mlo huo ni Bi. Orihara, mjane mwenye duka la achari ya figili, ambaye mji mzima wa Kanazawa, Japani, ulijua anapenda vitu vya Ulaya na vitu vya bure, hasa vikija pamoja. Kabatini mwake mlikuwa na bakuli la chai lenye umri wa karne tatu. Na desturi ni desturi: ukipewa zawadi, unarudisha ya nusu ya thamani yake, la sivyo huna uso wa kupita mtaani. Kwa hiyo Hatano hakuuza kitu. Mwizi huuza, muungwana hutoa zawadi.

Aliandika hati kwa wino mzito: Praga, kazi ya Profesa Kuramoto, aliyeishi Viena miaka arobaini. Profesa huyo alikuwa na kasoro moja tu, hajawahi kuzaliwa. Thamani, yeni laki sita. Lakini laki sita haziingii kwenye boksi la viatu. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kisanduku cheusi chenye korongo wa dhahabu, ambacho Bi. Tsuya aliolewa nacho na sasa anamtunzia mjukuu wake, Chizuru, wa miaka saba. Chombo hurudishwa siku zote, alijiambia, bibi hatajua. Na ili laki sita zisimame imara, akaongeza kwenye hati: pamoja na kisanduku chake.

Mjane alipokea kwa mikono miwili. Hakufungua, maana zawadi haifunguliwi mbele ya mtoaji. Desturi hiyo Hatano aliipenda kuliko zote.

Siku ya tano akaitwa. Bi. Orihara akamsukumia kasha la mbao lililofungwa kamba ya hariri.

"Bakuli la chai, Bwana Hatano. Ni kidogo tu."

"Mama, unaniaibisha. Mimi nani hata nistahili?"

"Nusu kamili. Sipendi deni la heshima."

Hatano akaulizia kisanduku, kama mtu asiyejali. Mjane akamjibu taratibu kwamba hati ameisoma mara tatu, hadi neno la kisanduku, kwamba babu yake alikuwa fundi wa visanduku vya namna ile, na kwamba Praga ameiweka juu ya pipa la figili, inavuta wateja. Hatano akatamani kulifungua lile kasha palepale. Desturi. Akainama, akaondoka.

Nyumbani akakata kamba, Chizuru akichungulia. Ndani mlikuwa na bakuli la gazeti, limekunjwa kwa ustadi, na hati: kazi ya mwanafunzi wa Profesa Kuramoto. Yeni laki tatu. Pamoja na kasha lake.

Chumba cha pili Bi. Tsuya alikuwa akiuliza nani amegusa juu ya kabati. Hatano akachuchumaa, akamnong'oneza mwanawe aseme yeye ndiye aliyekichukua kisanduku akakipoteza mchezoni; bibi hamchapi mtoto, na kuna aiskrimu.

Chizuru akamtazama.

"Baba, mwambie Bibi wewe mwenyewe."