Vipaumbele vya Watoto Thelathini na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi kaamua. Ijumaa kila mtafiti alete vipaumbele vya utafiti wa kuboresha elimu ya chekechea. Atakayeleta vyenye mashiko, ukuu wa kitengo ni wake. Atakayeleta vya ovyo, mkataba hauongezwi. Wangu unaisha mwezi huu! Bi Miwani, ninayekaa naye ofisi moja, keshatembelea madarasa kumi na mawili. Mimi hata moja.

Jumanne, 4 Machi
Ujanja umepatikana. Wenzangu wanahoji walimu. Mimi nitawahoji watoto wenyewe! Dodoso la swali moja: Kipaumbele chako ni nini? Shemeji, mdogo wa mke wangu, anafundisha chekechea. Nimembembeleza awasomee, aandike majibu. Akauliza kama watoto wa miaka minne watalielewa. Nikamwambia utaalamu aniachie mimi.

Jumatano, 5 Machi
Bi Miwani kauliza kama nahitaji msaada. Mpelelezi huyo! Nimefunika karatasi kwa kiwiko hadi saa ya kutoka.

Alhamisi, 6 Machi
Majibu! Kumi na tisa wamesema kaka. Saba, mjomba. Watano, mimi. Mama hakutajwa. Mwalimu hakutajwa! Mmoja kaongeza kwamba mjomba wake anadaka sana. Maarifa, bila shaka. Nimeandika kurasa tisa kuhusu nafasi ya mjomba katika elimu ya awali.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi kasoma kurasa zote tisa. Bi Miwani akaomba kuyaona majibu, akasema taratibu:

"Ndugu yangu, hawa wamesikia kipa. Wamekutajia anayekaa golini wakicheza nyumbani."

Kipaumbele cha kwanza cha Bi Miwani: je, watoto wanaelewa lugha tunayowafundishia? Mkurugenzi kasema ushahidi bora ni karatasi yangu. Ukuu kapewa yeye. Akaniombea mkataba wa miezi mitatu, kwa sharti nikakae darasani kwa shemeji, nisikilize tu. Nilitaka kulia, nikajifanya nakohoa. Aibu gani hii!

Jumatatu, 10 Machi
Darasani. Kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni. Shemeji kasema nisiulize kitu wiki nzima. Nimesikiliza dakika kumi, zimetosha. Kosa nimeliona: swali moja halikutosha. Nimechapa mengine arobaini, shemeji awasomee baada ya uji. La kwanza: Bainisha changamoto zako za kimtaala.