Namna Nilivyompunguzia Jemadari Joto

Jumatatu, 3 Februari

Joto! Hata ukikaa kivulini unatota. Mitetea wangu hawajataga tangu wiki iliyopita. Wanakaa bandani midomo wazi, mabawa wameyatanua, wananikodolea macho kama vile jua nimelileta mimi.

Mke wangu katoa hukumu tukila: Jumamosi ikifika bila yai, kuku wote wanahamia ng'ambo ya ua, kwa jirani yetu fundi cherehani, ambaye kuku wake wanataga bila shida. Nikasema hiyo ni dhuluma. Akasema hiyo ni mipango. Jamani, nyumba hii hao kuku ndio pekee wanaokuja nikiita! Malkia, mtetea wangu mwekundu, hula mkononi mwangu. Siwezi kumwona kwa watu.

Jioni fundi akachungulia juu ya ua, pini mdomoni, akanishauri nitundike magunia yaliyoloweshwa na nimwage maji kwenye mchanga. Nani kamuuliza? Mimi ni kinyozi, nina saluni yenye vioo pande mbili. Sifundishwi mambo ya hewa na mtu wa vifungo.

Jumanne, 4 Februari

Nimebeba feni ya saluni mpaka bandani. Wateja wakanung'unika. Nikawaambia wavumilie, nyumbani kuna wagonjwa.

Nikaiwasha, namba ya mwisho. Lo! Sakafu yote ya banda ikaruka: maranda, vumbi, manyoya, na mengine nisiyotaka kuyaandika. Vyote vikatua kwenye shuka mbichi za mke wangu, kambani. Sikujua kuna shuka. Yaani nilijua, ila sikuzifikiria. Nimezifua upya mpaka vidole vimekunjamana. Ng'ambo ya ua fundi alikuwa anacheka. Eti anakohoa.

Jumatano, 5 Februari

Wazo! Limenijia kazini. Mzee mmoja mwenye kichaka cha nywele kanyoa upara, kajipapasa kichwa, kasema sasa amepata hewa. Nikaganda na wembe mkononi. Kuku wanavaa manyoya mwaka mzima! Nani amewahi kuwafikiria?

Nikafunga saluni mapema. Nimeanza na jogoo, Jemadari, maana kiongozi lazima aonyeshe njia. Nikamfunga kitambaa shingoni, mkasi kwanza, mashine baadaye. Mgongo wote safi, ubavuni nimechonga kwa ustadi, mkiani nimemwachia kidogo kwa heshima yake. Poda. Nikamwonyesha kioo, akakidonoa. Hata wateja wengine huwa hawaridhiki mwanzoni.

Nikamrudisha bandani. Mitetea wakamtazama. Kisha zikaja kelele ambazo sijawahi kuzisikia, wote wakatoka mbio na kuruka ua, Malkia mbele, hao kwa fundi. Mlango niliusahau wazi.

Alhamisi, 6 Februari

Hawarudi. Nimeita, nimebembeleza, nimemwaga mahindi. Malkia kanitazama, kanipa mgongo. Wamejilaza kwa raha zao chini ya magunia ya fundi, yanachuruzika maji, na miguu wameichimbia kwenye mchanga wa baridi. Jemadari mgongo umemwiva kwa jua, kajificha nyuma ya pipa. Mke wangu yeye kampaka mafuta, mimi kanipa jicho. Kasema kuku wameamua wenyewe, wamempunguzia kazi ya kuwahamisha.

Nimekaa bandani peke yangu. Pamekuwa pakubwa. Nimelia. Kidogo tu, na jasho lilinisitiri.

Ijumaa, 7 Februari

Fundi kaniita kwake. Nikaenda nimejiandaa kwa masimango. Wala hakunisimanga. Kanionyesha yai la Malkia kwenye kapu la vitambaa, kasema yai ni langu na kuku ni wangu, wenyewe walichofuata ni ubaridi tu. Kisha kachukua magunia yake ya akiba, tukaja kuyatundika bandani kwangu, yeye anaziba mapengo kwa sindano, mimi nabeba ndoo. Jemadari kashonewa kizibao cheupe cha kumkinga na jua. Kimemkaa vizuri, nakiri.

Jua lilipozama Malkia alirudi mwenyewe. Akapita chini ya gunia, akajikung'uta maji, akapanda mahali pake. Wenzake wakafuata. Nilitaka kumshukuru fundi, nikaishia kumwokotea pini zake.

Jumamosi, 8 Februari

Yai! Bandani kwetu, bado la moto! Nimelipeleka jikoni kwa mikono miwili. Mke wangu kalitazama, kacheka mwenyewe, kasema haya, wabaki. Nikamzungusha jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Kaniuliza kama sasa nimejifunza kusikiliza wanaojua. Nikasema nimejifunza kabisa.

Halafu nikakaa nikafikiri. Jemadari alinyolewa Jumatano. Mayai yakaanza Ijumaa. Magunia nayo tumeyatundika jana tu, hayawezi kufanya kazi haraka namna hiyo. Ni kunyoa! Kulichelewa tu kuingia mwilini. Mitetea wenyewe wamepoa kwa kumtazama.

Kwa hiyo wema wa fundi siwezi kuuacha hivi hivi. Ana paka, manyoya mpaka sakafuni, muda huu kajilaza kizingitini anahema, maskini. Fundi mwenyewe kaenda sokoni. Atakaporudi ataona!

Mashine nimeshaichaji.