Nyumba ya Misumari Miwili

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Bosi ametangaza kwamba kompyuta haziingii tena kwenye kikao cha mteja. Anataka mtu wa kukaa mezani, kumsikiliza mteja na kumchorea nyumba yake papo hapo kwa mkono mtupu. Ijumaa anakuja mama mmoja anayetaka kujenga. Atakayemridhisha atapewa kiti hicho moja kwa moja. Kiti changu! Miaka sita nachora majengo kwa kompyuta kwenye chumba cha nyuma, na hakuna mteja hata mmoja anayeijua sura yangu. Nakitaka kiti hicho mpaka nakiota.

Kaletwa mwalimu, msanifu majengo mstaafu, mzee mkavu mwenye penseli sikioni. Wanafunzi ni wawili tu: mimi na binti wa mapokezi. Binti wa mapokezi! Eti aliomba mwenyewe. Nilicheka kimoyomoyo.

Zoezi la kwanza: mistari hamsini mirefu, bila rula. Nikaificha rula ndani ya mkono wa shati. Mwalimu akaitazama karatasi yangu, akauliza kama mkono wangu una mfupa au chuma. Nikasema ni kipaji. Akasema mstari wa mkono lazima uwe na uhai. Sijaelewa. Mstari unaishije?

Jumanne, 5 Machi

Nimeelewa! Uhai ni kutetemeka. Alfajiri nikapiga mistari kwa rula, kisha nikaifuatisha huku mkono nimeuegemeza kwenye mashine ya kufulia inayozunguka. Kazi safi. Mwalimu akauliza homa imenianza lini. Bosi akanipeleka zahanati. Muuguzi akapima, akasema sina kitu. Somo zima la asubuhi likanipita.

Niliporudi, binti alikuwa anachora ngazi za ofisi kwa kalamu ya wino. Kila kona mistari imepitana! Nikamweleza kwa upole kwamba amekosea kona zote. Mwalimu akasema hizo kona ndizo alizozipenda. Basi na mimi nikapitisha. Tena kwa wingi. Mwalimu akauliza kama hiki ni kibanda au kichaka. Jamani! Ukinyoosha kosa, ukitetemesha kosa, ukipitisha kosa.

Jumatano, 6 Machi

Leo mwalimu kasema kuta za nyumba, ukizitazama kutoka barabarani, huonekana zinakimbilia mbali mpaka zikutane kwenye nukta. Upande wa kushoto una nukta yake, na wa kulia una yake. Nikauliza nukta hizo ziko wapi kwenye karatasi. Akasema mara nyingi hazimo. Ziko nje, huko mezani, na unazikisia kwa macho tu. Nikachungulia chini ya meza. Hakuna kitu. Binti akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mnafiki.

Jioni nikapata akili. Kama nukta iko mezani, basi na iwe mezani! Nikapigilia misumari miwili kwenye meza ya chakula, mmoja huku, mmoja kule, kila mmoja na uzi wake. Unavuta uzi, unaufuata kwa penseli. Nyumba ikatoka! Ghorofa moja, ngazi za nje, roshani. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki hii, na ambaye ndiye aliyetuzawadia meza hiyo siku ya harusi, akaingia. Akaitazama misumari. Akamuuliza mke wangu, si mimi, kama mumewe yuko sawa. Mke wangu akajibu kwamba ni mambo ya kazini.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu alitutuma nje tukachore tunachokiona. Nikasingizia kichwa, nikarudi nyumbani, nikaichora nyumba yangu mara thelathini na moja. Sasa natumia dakika nne. Tatizo ni kwamba haitoki kwenye meza nyingine. Nimejaribu ya jikoni, ikatoka kama boksi lililokaliwa. Nyumba tofauti nayo haitoki, misumari inaijua hiyo hiyo moja. Lakini mteja ni mteja, na nyumba ni nyumba. Nimemwomba jirani gari lake la mizigo.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi mama mkwe kanywa chai amepakata sahani mapajani. Akasema taratibu kuwa mchuma janga hula na wa kwao.

Meza haikupita mlango wa chumba cha mikutano mpaka tulipoifungua miguu yake. Bosi akauliza ni ya nini. Nikasema ni ili mteja ajisikie nyumbani. Akafurahi!

Mteja akaeleza. Anataka nyumba ya kumchukua mama yake mzazi, ambaye hatembei, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anakoishi sasa madirisha yako juu, kwa hiyo bibi huyo anashinda akitazama ukuta. Sauti ya mteja ikakatika kidogo. Mimi nilikuwa naushughulikia uzi. Dakika nne! Nikamgeuzia karatasi. Ghorofa, roshani, ngazi kumi na nne.

Mteja akauliza mama yake atapandaje. Nikajibu kwamba ngazi zina uhai. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Binti akaomba radhi, akavuta kiti, akamuuliza mteja mama anapenda kutazama nini. Watu wanaopita, akasema. Binti akachora kwa kalamu yake: njia yenye mteremko mdogo, dirisha linaloanzia magotini, mtu ameketi, geti, watu nje. Kona zote zimepitana. Mteja akatokwa na machozi, akaomba aondoke na karatasi ile. Mimi aliniuliza jambo moja tu, meza hii imetengenezwa na fundi gani.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi, 9 Machi

Kiti kapewa binti. Mwalimu akaniita pembeni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema wateja ni wengi, kiti cha pili kitahitajika. Baada ya mwezi nimletee daftari lililojaa vitu nilivyoviona kwa macho yangu mwenyewe, bila rula wala uzi, na nafasi yangu ipo. Nikaapa. Nilimaanisha kabisa, kwa kama saa moja.

Mchana binti akanifuata chumba cha nyuma. Nikadhani kaja kunicheka. Kumbe kaniletea daftari lake la zamani, nione alivyoanza: vikombe, viatu, milango, mikono ya mama yake. Akasema hata yeye mistari ilimkataa mwanzoni, nisikate tamaa. Ana roho nzuri yule binti. Nilimhukumu vibaya.

Kurasa mia moja, zote zimejaa! Jalada lenye jina lake linabanduka vizuri tu kwa mvuke wa birika. Mwalimu alitaka vitu nilivyoviona kwa macho yangu mwenyewe. Nami nimeshinda nikivitazama ukurasa kwa ukurasa, kwa macho yote mawili.