Nani Atakikalia Kiti cha Karasha FC

Jumapili, 3 Agosti 2025

Siku kubwa. Baba anang'atuka. Alilisema baada ya chakula, sisi bado tunanawa mikono, kwa sauti ya mtu anayearifu kwamba ng'ombe wamerudi zizini. Presha imempanda tena. Daktari amemkataza kukaa benchi siku za mechi. Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya mchezo wa kirafiki na timu kutoka Geita, atamtaja mwenyekiti mpya wa Karasha FC.

Nieleze vizuri, maana huenda vizazi vikasoma. Baba yangu, Mzee Masele, alianza kwa kushuka mashimoni Mwakitolyo na tochi kichwani. Akapata shimo lake, halafu mengine, halafu makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Vijana waliokuwa wakicheza mpira jioni kando ya makarasha hayo ndio waliozaa timu. Leo ipo Tinde, ina uwanja wenye ukuta, ina basi, inalipa wachezaji mishahara, na imebakiza ngazi moja kuingia Ligi Kuu. Baba ndiye mwenyekiti, mfadhili, mpanga kikosi na, kocha akiugua, kocha.

Mimi ni Boaz, mtoto wake wa kwanza na wa kiume pekee. Cheo changu ni Makamu Mwenyekiti (Sherehe). Mdogo wangu Scolastika anaishi Geita. Anasimamia mtambo wa baba wa kuchenjua dhahabu, na siku hizi anasimamia pia mishahara ya timu. Wachezaji wanampenda. Ni kwa sababu bado hawajanijua mimi vizuri.

Leo kaja na mapendekezo. Timu iwe na bodi. Mtendaji mkuu aajiriwe kwa kazi hiyo tu. Hisa zigawanywe kati ya familia na mashabiki. Mwenyekiti awe na kipindi, kikiisha aondoke. Baba alisikiliza kichwa kimeinama. Nikauliza mwenyekiti wa aina hiyo ataongoza nini hasa. Scola akajibu kwamba ataongoza vikao. Vikao!

Nimeamua. Kiti ni changu. Kabla ya Jumamosi baba atakuwa haoni mwingine.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechora muundo wangu wa uongozi kwenye karatasi ya manila. Juu kabisa Mwenyekiti: Boaz. Mshale unashuka hadi Mtendaji Mkuu: Boaz (kaimu). Usajili: Boaz. Nidhamu: Boaz. Scola nimemweka Mratibu wa Maji na Huduma ya Kwanza, asije akajiona ametengwa.

Mke wangu Wema, mama Noela, aliutazama. Akauliza Boaz akigombana na Boaz, nani atawaamua. Wema hana uzoefu wa uongozi.

Jambo la maana zaidi: nimempigia simu baba mdogo Magesa, mdogo wake baba, aliyeko Didia. Ana sauti nzito na anajua mila. Nimemwomba aje amkumbushe kaka yake kwa mila zetu mzigo wa nyumba hubebwa na nani. Alikubali haraka. Akauliza kama kutakuwa na nyama.

Jumanne, 5 Agosti

Baba mdogo kafika na begi kubwa mno kwa mtu wa siku moja. Kala. Kapumzika. Kala tena. Alasiri tukaenda kwa baba, ambako Scola naye alikuwepo.

Alianza vizuri. Akamtaja babu, mifugo ya babu, na ule mwaka wa njaa. Akasema timu ni kama boma, haiwezi kuachiwa watu wa kuajiriwa. Nikawa naitikia kwa kichwa kila neno. Akasema mila iko wazi. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Akasema mali ya kaka huangaliwa na mdogo wake, na watoto, hata wakiwa na mvi, husubiri. Kwa hiyo yeye, Magesa, yuko tayari kuubeba mzigo huu wa uenyekiti, ingawa hakuutafuta.

Baba akamuuliza kama anajua kuotea ni nini. Baba mdogo akasema hayo ni mambo ya wasaidizi.

Scola aliinamisha uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Baba mdogo hatarudi Didia kabla ya Jumamosi. Amechukua kile kiti changu kizuri cha sebuleni. Akipigiwa simu anasema yuko makao makuu ya muda.

Sijavunjika moyo. Mila ni mambo ya zamani. Baba ni mtu wa mpira. Nitamletea mpira.

Jumatano, 6 Agosti

Msimu mzima uliopita baba alilalamika kwamba hatuna mshambuliaji. Leo nimempata.

Nilienda Mwakitolyo. Jioni wachimbaji hucheza kwenye kiwanja chao cha changarawe, wengine bado wana vumbi la shimo mpaka kwenye kope. Kuna kijana mmoja mrefu, wa mguu wa kushoto. Mpira ukimfika, mabeki wanarudi nyuma bila kuambiwa. Akafunga. Akafunga tena, safari hii akiwa amewapa mgongo. Nikasahau hata kilichonipeleka, nikapiga kelele peke yangu kama kichaa.

Halafu akili ikanirudia. Ukimleta mchimbaji, kocha atasema asubiri majaribio. Ukimleta Mkongomani, watu watasimama. Nikamwambia kijana kwamba kuanzia sasa yeye ni Jean-Pierre Kalonda, mfungaji hatari kutoka Lubumbashi. Asiseme neno. Acheke tu. Akibanwa sana, aseme "oui", yaani ndiyo ya Kifaransa. Akauliza kwa nini asitumie jina lake. Nikamwambia huo ndio mpira wa kulipwa. Jina lake lenyewe sikuuliza; la kazi gani?

Kesho asubuhi namtambulisha uwanjani. Mtangazaji wa redio atakuwepo. Mwamvua, mwenyekiti wa tawi la mashabiki, mwenye mgahawa pale stendi ya Tinde, atakuwepo na watu wake. Nimewaambia wasafishe makoo.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike haraka ili yaishe.

Watu walijaa. Nilizungumza vizuri sana. Niligusia Lubumbashi, vilabu vikubwa vilivyomkosa Kalonda, na mazungumzo magumu niliyoyaongoza mwenyewe. Makofi. Kijana akacheka kama nilivyomfundisha. Ndipo baba akaingia na fimbo yake, taratibu. Kijana akamwona. Akavua kofia, akainama na kumpa mikono miwili.

"Mwangaluka, baba," akasema.

Kisukuma kisafi cha Didia. Baba akaitikia, akamuuliza mguu wa mama unaendeleaje. Kijana akasema mama anatembea, anapalilia mwenyewe, na anamshukuru sana mzee. Kumbe alichimba kwenye shimo la baba kabla halijajaa maji, na mama yake alipovunjika mguu ni baba aliyempeleka hospitali.

Baba akanigeukia. "Huyu kijana ulimjua ni nani?"

"Sikujua," nikasema.

"Naam, ndiye Sikujua. Mtoto wa Mageni. Sasa huyo Jean-Pierre yuko wapi?"

Mtangazaji alikuwa hajazima kinasa sauti. Ilipofika saa saba mchana, kila bodaboda aliyenipita Tinde alinisalimia "oui".

Scola hakucheka. Alimwendea Sikujua, akamuuliza anacheza namba gani na kama angependa kufanya majaribio kwa jina lake mwenyewe. Kocha akamjaribu hapo hapo. Amesema huyu asiondoke. Nikawakumbusha wote ni nani aliyemleta. Walikuwa wanatazama mpira.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Bado kuna mashabiki. Uwanja mzima ukiimba jina langu kesho, baba atafanyaje?

Nilimkuta Mwamvua anachambua mchele. Tukasalimiana. Nikamwambia mwenyekiti mpya hatamsahau: kiti chake kitakuwa jukwaa kuu, bega kwa bega na mimi. Alikaza macho yake kwenye ungo, akauliza mwenyekiti mpya yupi, maana Mzee Magesa alipita asubuhi akamwahidi kiti hicho hicho. Tena mzee huyo akala na chapati.

Halafu akaacha kuchambua. Akasema mashabiki wana viti vya kutosha. Wanachotaka ni sauti. Timu nyingine huku kwetu zilikufa siku moja na wenyewe, jezi zikaishia kuvaliwa na watu wa kubeba mizigo sokoni. "Sisi tunalia msibani mara moja, baba Noela," akasema. "Hatutaki kulia mara mbili."

Nilimwambia nimemsikia. Kwa kweli nilikuwa nawaza namna ya kumwondoa baba mdogo nyumbani kwangu.

Jioni baba akaniita uwanjani. Alitaka kuuzunguka, na alitaka mkono wa kushika. Hatujatembea hivyo tangu nikiwa mdogo, na enzi hizo mimi ndiye niliyeshika. Alikuwa anasimama mara kwa mara kuvuta pumzi, akijifanya anakagua nyasi. Aliniambia shimo la mwisho limejaa maji tangu masika na hatayatoa tena. Mawe yaliyobaki hayana kitu.

"Boaz," akasema, "nimechimba mashimo maisha yangu yote. Hiki ndicho kitu pekee nilichokijenga kikaenda juu. Sitaki kizikwe na mimi."

Machozi yalinitoka. Vumbi lilikuwa jingi pia. Nikamshika mkono vizuri zaidi, tukamaliza mzunguko.

Nimelitafakari neno hilo tangu nifike nyumbani. Maana yake naiona waziwazi. Amenichagua mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Suti ya bluu. Viatu vipya. Uwanja umejaa mpaka juu ya ukuta.

Baba akashika kipaza sauti. Aliposema "nakabidhi kiti kwa mwanangu," nikasimama. Akavuta pumzi, kama ilivyo kawaida yake siku hizi. Mimi nikatumia nafasi hiyo kusogea. Nilikuwa nimeshafika mbele ya jukwaa, mkono umenyooka, alipomalizia: "Scolastika."

Mkono ulikuwa tayari hewani. Ikabidi nimpe Scola. Picha zote zinaonyesha kwamba nilikuwa wa kwanza kumpongeza, na nimezihifadhi.

Baba akaeleza mengine. Watoto wake wote watakuwa na hisa sawa. Mashabiki watakuwa na zao na watachagua wawakilishi kwenye bodi. Mtendaji mkuu ataajiriwa, na hatakuwa wa ukoo. Kipindi cha Scola kikiisha, bodi itachagua, na asitokee mtu kusema mimi ni Masele. Upande wa Mwamvua ulilipuka kwa nderemo. Baba mdogo Magesa alisema kwa sauti kwamba mila imekanyagwa, kisha akauliza chakula kinaandaliwa upande gani.

Nilitaka kuondoka. Baba akaniita kabla sijafika ngazini. Akawaambia watu wote: "Huyu ana jicho la kumwona mchezaji. Kinachomharibia ni mdomo unaofuata." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniwekea mkono begani, mzito, akasema kuanzia leo mimi ndiye mkuu wa kusaka vipaji. Nitazunguka machimboni na vijijini, na kila nitakayemleta aje na jina alilopewa na mama yake.

Kipindi cha pili Sikujua akapokea mpira mbali na lango. Mabeki wa Geita wakarudi nyuma bila kuambiwa. Nilipiga kelele kabla hajapiga. Wavu ukatikisika. Baba alikuwa amekaa kivulini kama alivyoagizwa na daktari. Hakusimama, alinyanyua kofia tu, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

Scola alinifuata baadaye. Akasema bao lile lilikuwa langu kwa kiasi fulani. Nikamwambia atakuwa mwenyekiti mzuri. Sijui lilitoka wapi, ila lilitoka, na sikutaka kulirudisha.

Jumatatu, 11 Agosti

Kazi mpya, ofisi mpya. Ni kile chumba cha mipira, wameongeza meza na kiti cha kuzunguka.

Scola alikuja na utaratibu. Niwe na kamati ndogo ya watu wanaojua mpira. Watangazwe wazi, wasiwe ndugu. Awepo na makamu, ili kazi isisimame nisipokuwepo. Akaniuliza kama naelewa kwa nini baba aliyafanya yote yale. Nikamwambia naelewa kabisa. Timu si ya mtu mmoja. Kiti hakirithiwi. Akaondoka ameridhika.

Nikakaa kuunda kamati.

Katibu: Wema. Ana mwandiko mzuri, na mke si ndugu, ni mke. Mjumbe: baba mdogo Magesa. Hana dalili ya kurudi Didia, heri awe na kazi, na kwa hesabu sahihi yeye ni ndugu wa baba, si wangu. Makamu ilinisumbua zaidi. Mtu wa nje ukimpa umakamu leo, kesho anataka na ukuu. Nikamteua Noela, binti yangu. Yuko darasa la nne. Ana utulivu, na siku zote najua aliko.

Alipotoka shule nilimleta ofisini. Nikamwonyesha kiti. Nikamweleza kwa upole kwamba siku baba yake atakapochoka, kiti hiki kitakuwa chake, na baada yake cha wanawe.

Alikikalia. Akazunguka nacho. Akaweka mikono mezani, akaniuliza nitachoka lini.

Nimebadilisha kufuli ya ofisi. Kuanzia kesho makamu ataripoti kwa maandishi, na sitampa kisogo.