Minazi ya Bi Wanu Inayoninyima Umeme

Azzan Zahran,
Malindi, Mji Mkongwe
(kwa sasa Jambiani, ndani ya gari).
Alhamisi, Juni 2008.

Kwa Mheshimiwa Sheha,
Jambiani.

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini ya uangalizi wako, akiwemo jirani yangu Bi Wanu, ambaye namtakia afya njema ingawa ndiye ninayemshitaki.

Mimi ni mtu wa mjini. Nimefanya kazi Forodha mpaka nikastaafu, na sijapata kumpeleka mtu kwa sheha, kwa sababu mjini tunagombana kwa adabu na kumalizana barazani. Huku kwenu nimekuta mambo mengine. Lakini usije ukasema mzee huyu kaja na jazba, kwa hiyo nitakupa kisa kwa utaratibu.

Mwaka jana alifikia kwenye nyumba yangu ya wageni Mjerumani mmoja, Bwana Helmut, aliyeikata Afrika nzima kwa gari lake. Gari lenyewe ni nyumba. Lina kitanda, jiko, friji na televisheni, na juu ya paa lina paneli za sola zinazokula jua na kulisha betri. Alipoitwa kwao kwa ugonjwa wa mama yake, aliniachia gari nimtunzie. Vichochoro vya Malindi haviingizi hata gari la punda, ndipo nikalileta hapa Jambiani, kwenye kiwanja alichorithi mke wangu Faiza kwa baba yake.

Kabla ya kupanda ndege, Bwana Helmut alinifunza mambo ya gari kwa Kiswahili. Na Kiswahili chake, Mheshimiwa, si cha kuokota ufukweni. Kakisomea chuo kikuu kwao, na ngeli anazijua kuliko wanangu. Neno alilolikazia ni hili: "Mzee Azzan, paneli zinafanya kazi saa kumi mpaka saa nne. Nje ya hapo hazina faida." Nikamrudishia neno kwa neno. Akafurahi, akaniambia nimefuzu.

Nami najua kutunza amana ya mtu. Kwetu redio ikizimwa hufunikwa kitambaa, cherehani ikipumzika hufunikwa, na televisheni yetu tangu tuinunue haijapata kulala wazi. Paneli nazo nikazishonea turubai. Kila siku saa kumi alasiri, nikishasali, napanda ngazi nazifunua. Saa nne usiku napanda tena nazifunika. Mvua inyeshe, kiuno kiume, sijapitiwa. Pamoja na uangalifu wote huo, betri inakufa mikononi mwangu, na wanaoiua ni watu wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kivuli. Nilimleta fundi Matar kutoka mjini, nikamwambia afike saa kumi hasa, kwa kuwa hakuna maana ya kumpima mfanyakazi akiwa amelala. Akafungua kila kilichofungika. Vichwa vya betri akavisugua kwa maji ya moto, akaongeza maji ya betri, akapima waya mmoja mmoja. Mwisho akasema vyombo vyote vizima, ila jua halifiki. Nikainua macho na kumwona mwizi. Upande wa magharibi wa gari kuna minazi minne, na ikigonga saa kumi vivuli vyake vinaangukia juu ya paa. Ule mrefu peke yake unazifunika paneli zote kama shuka. Ardhi hiyo ni ya mke wangu, lakini minazi ni ya Bi Wanu, aliyeipanda zamani kwa ruhusa ya marehemu mkwe wangu. Naijua desturi yetu kwamba mti ni wa aliyeupanda hata ukiwa kiwanjani kwa mwingine. Naomba tu nielezwe kivuli ni cha nani, maana kama nacho ni chake, basi aje akichukue.

2. Bi Wanu mwenyewe. Nilimwendea kwa heshima na halua mkononi. Nilimkuta anaanika mwani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, chini ya huo mrefu nimezika kitovu cha binti yangu Tabia. Yuko Maskati, ana miaka hajaja. Akirudi na mti haupo, ntamuonesha nini?" Mheshimiwa, mimi ni Mswahili kama yeye, vitovu navijua. Cha kwangu kilizikwa Malindi, hakuna anayejua wapi, na nimeishi salama. Nikamweleza kwamba Tabia amekwisha kua na kuolewa, kitovu hakimsaidii kitu, ilhali friji inamsaidia kila mtu. Alinishukuru kwa halua akaendelea kugeuza mwani wake. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini huyu ameivuta yote.

3. Jua la Jambiani lenyewe. Ukikaa Forodhani kule mjini, unalisindikiza jua mpaka linaingia baharini. Huku kwenu linatoka baharini kwa mbwembwe asubuhi, wakati paneli zangu zimo kitandani, na jioni ikifika, linapotakiwa kazini, linajificha nyuma ya minazi. Kijiji kizima mmekijenga kikalipa jua mgongo. Kibaya zaidi ni israfu. Saa sita mchana nakaa kiwanjani nalitazama jua la kupasua kichwa likiunguza turubai langu, halimfai mtu ila Bi Wanu na mwani wake. Jua lote lile bure! Sikutuhumu wewe binafsi, lakini uongozi ni kujali, na sijasikia hata siku moja suala hili likizungumzwa kwenye mkutano wa kijiji.

4. Moshi. Baada ya magharibi paneli zangu zinabakiwa na zamu ya usiku mpaka saa nne. Mke wangu Faiza aliwahi kuniuliza usiku zinakula nini. Nilimjibu kwamba Mjerumani haropoki, na kwa kuwa usiku kilichopo juu ni mwezi, basi zinakula mwezi. Akaniangalia, akenda kulala. Lakini huo mwezi utafika vipi, ikiwa jirani zangu kila jioni wanakoka makumbi ya nazi, na moshi unapanda wima mpaka juu ya paa langu? Wanasema wanapika. Tangu lini chakula kikalazimika kupikwa usiku? Watu wastaarabu hupika mchana na usiku wakala kiporo.

5. Aibu, na hili ndilo linaloniuma. Unajua kwamba Unguja nzima haina umeme, mji umekuwa kaburi, na samaki wanaoza sokoni. Katika msiba huo mimi niliwaambia wenzangu wa baraza ya Malindi kwamba mimi nina umeme wangu. Nikawaalika waje Jambiani watazame mpira wa Ulaya na wanywe maji ya baridi. Walikuja baraza zima, na waliokuwa hawasalimiani wakakodi gari moja. Nikawakalisha, nikawasha televisheni. Wachezaji wakaingia uwanjani, wakapeana mikono, picha ikajikunja ikawa nukta, nukta ikazimika. Nikafungua friji kuwapa maji, yakawa vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Hakuna aliyecheka, Mheshimiwa. Wangecheka ningepona. Waliniambia pole kama waliofika matangani, wakarudi mjini gizani, na tangu siku hiyo nikipita barazani huniuliza habari za Jambiani kwa sauti ya upole. Nimeheshimiwa katika baraza ile umri wangu wote. Sasa naonewa huruma, na sababu yake ni minazi minne.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Unipe kibali cha kukata minazi yote minne, na huo mrefu utangulie, maana ndio kichwa cha genge. Upige marufuku moshi baina ya magharibi na saa nne mpaka gari langu lipate nguvu. Uitishe mkutano wa kijiji, watu waelezwe kwamba jua ni mali ya umma na si la kuanikia mwani peke yake. Na kwa kuwa kuhamisha kijiji ni kazi kubwa, hilo sitalisisitiza mwaka huu.

Ili kibali chako kisikae bure, nimekwisha agana na Shaame mkwezi, aje na shoka Jumamosi asubuhi. Nimemwonesha ule mrefu, nikamwambia aanze na huo hata akinikuta bado nimelala. Najua kwa mtu muadilifu kama wewe kilichobaki ni muhuri tu.

Nisalimie wazee wa msikitini, wavuvi, walimu wa skuli na wakulima wa mwani wote. Na Bi Wanu pia msalimie. Simchukii. Ni mti wake nisioupenda.

Wako katika kutafuta haki, na mwanga wake,

Azzan Zahran,
Mstaafu wa Forodha.

Tanbihi. Ijumaa asubuhi niliileta barua hii kwako kwa mkono wangu, nikaambiwa umekwenda mazikoni Makunduchi. Nikarudi nayo mfukoni, nikapanda daladala kwenda mjini kusali. Usiku uliotangulia, kwa kushughulika kuiandika, nilisahau kuzifunika paneli. Zilishinda wazi tangu alfajiri. Niliporudi alasiri nilikuta taa ya kijani inawaka, betri imejaa, na friji inanguruma.

Nilikaa kwenye ngazi mpaka nikaelewa. Saa kumi ya Bwana Helmut ni saa nne yetu ya asubuhi, na saa nne yake ndiyo saa kumi yetu ya jioni. Mjerumani yule alisoma Kiswahili chote akaacha saa zake kwao, na mimi sikumuuliza ni kumi ya nani. Nimekuwa nikizifunua paneli jua likiondoka, na kuzifunika muda wote likiwapo. Malalamiko yangu yote, la kwanza mpaka la mwisho, yafute.

Furaha ilinichukua. Nilimpigia simu kila mtu wa barazani aje Jumamosi jioni. Nikawasha televisheni, nikatia maji kwenye friji, nikamwita Faiza aje aone. Mtu mmoja tu nilisahau kumpigia, naye ni Shaame.

Alikuja kama tulivyoagana, akaanza na ule mrefu kama nilivyomwelekeza. Mimi niliamshwa na kishindo. Mitatu niliiwahi.

Bi Wanu alikuwa amekwisha fika. Alisimama kando ya kisiki, kisha akarudi kwake. Baadaye akaja na kikapu cha madafu ya mnazi uleule. Akaniambia: "Yanywe, mwanangu. Haya hayana kosa."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Aliyekata bila kibali ni mimi, si Shaame, na nitakuja mbele yako unihukumu. Wenzangu wa baraza nimewaambia wasije. Madafu nimeyatia kwenye friji, nayo yamepoa vizuri. Sijaweza kuyanywa.