Vani ya Mama Dobi Haichanganyi

Wengine huamka wakamshukuru Mungu kwa uzima. Daktari aliamka akamshukuru kwa magari mabovu. Hakuwa daktari wa watu, na watu hawajui walivyobahatika. Alikuwa fundi wa magari aliyevaa koti jeupe, shingoni kaning'iniza kile chombo cha kusikilizia vifua. Kila injini iliyoletwa gereji kwake aliisikiliza macho kayafumba, kama anapokea habari za msiba. Mteja akiona hivyo, nguvu zinamwishia hata kabla hajatajiwa ugonjwa.

Asubuhi hiyo vani nyeupe ilikuja ikipanda kilima kwa mwendo wa kubembelezwa. Bibi mmoja mwenye kapu aliipita kwa miguu, akageuka kuionea huruma. Ndani alikuwemo Mama Dobi, mama mtu mzima anayefua mashuka ya hoteli tatu. Daktari alimwona toka mbali, mate yakamjaa mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii gari haichanganyi. Nikikanyaga mafuta inatafakari kwanza. Kwenye kilima ndiyo haitaki kabisa."

"Ni ya zamani hii."

"Ya zamani, lakini si ya kabureta, ni hizi za nozeli za kupulizia mafuta. Baba watoto aliniambia za nozeli hazisumbui. Baba watoto aliniambia mengi."

Daktari akamkalisha kwenye benchi, akampa maji, akafunua boneti. Dakika haikupita akawa ameshauona ugonjwa. Filta ya hewa ilikuwa nyeusi tii. Nyuzi za mashuka zilikuwa zimeshikamana na vumbi humo mpaka mtu angeweza kujazia mto. Injini ya watu ilikuwa inavuta pumzi kwenye tundu la sindano, itapata wapi nguvu ya kupanda kilima? Ilihitaji filta mpya tu, kazi ya dakika tano.

Fundi mwaminifu angemwonyesha mama wa watu ile filta. Fundi mwaminifu pia angebaki bila vani, na Daktari alikuwa na shida ya vani kweli kweli. Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa anatafuta gari la kupandisha mikate mitaa ya juu kuanzia Jumatatu, na Daktari alikwisha kumwapia kwamba analo, zima kama chuma. Hakuwa nalo. Alikuwa na kigari chekundu, na hata hicho, tukisema haki ya Mungu, kilikuwa cha mkewe. Mkewe alishona sare za shule miaka minne ndipo akakinunua. Alimwazima mumewe kwa sharti moja: saa tisa kiwe nyumbani, sare zikapelekwe kwa wenyewe.

Daktari akairudisha filta mahali pake polepole, kama mtu anayefunika sufuria la nyama. Akavaa chombo chake masikioni, akaisikiliza injini, akatikisa kichwa.

"Mama, kaa."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Injini imekufa."

"Imekufaje, na mimi nimekuja nayo?"

"Kuna wagonjwa wanaotembea, mama. Wanakwenda sokoni, wanasalimia watu, na ndani hamna kitu. Pistoni zimelika, ringi zimekwisha. Unakanyaga mafuta, nani akusikie?"

Hayo aliyasema kwa sauti ya mnadani. Ng'ambo ya barabara walikuwepo wanunuzi wa magari chakavu, na Daktari hakutaka mjinga yeyote aje kumpandishia bei. Akavuka kabisa akawaambia kwa mdomo wake: ile ya Mama Dobi msihangaike nayo, ni maiti. Kufika saa nne mtaa mzima ulikuwa na taarifa ya kifo.

Mama Dobi alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Sasa mashuka ya watu nitayabeba kichwani?"

"Mimi tatizo langu ni huruma," alisema Daktari, na hakucheka. "Chukua kigari changu hiki chekundu. Kinapanda kilima chochote. Mimi niachie hilo jeneza, nitauza vyuma vyake kimoja kimoja."

"Si nitakuonea, mwanangu?"

"Nionee tu, mama."

"Una hakika imekufa? Nisije nikachukua gari la mtu bure."

"Ningekudanganya ili nipate nini?"

Wakabadilishana funguo na kadi. Kadi ya kigari ilikuwa na jina la Daktari, maana siku ya kukiandikisha mkewe alibanwa na kazi za wateja, na mume mwema akajitolea kwenda. Mama Dobi akawasha, akachanganya mpaka vumbi likatimka.

Jirani yake, mzee wa kuziba pancha, alikuwa ameyatazama yote toka kwenye mataili yake. "Umepima kompresheni?"

"Ya nini? Ugonjwa huu hapa." Daktari akainua ile filta. "Mtu akija kwako na mwiba mguuni, unampima moyo?"

"Mimi wa pancha tu," alisema mzee, akaendelea na pancha.

Filta mpya ikaingia. Kwenye tambarare vani ikachangamka, na Daktari akaimba. Alipofika kilimani akaacha kuimba. Gia ya tatu ikakataa, ya pili ikalalamika, ya kwanza ikakubali kwa masharti. Akarudi gereji akabadilisha filta ya mafuta, akaweka plagi mpya, akasafisha nozeli moja moja, akapima pampu. Vyote vizima. Akapanda kilima mara ya pili, akapitwa na bibi mwingine kwa miguu.

Ilikuwa inakaribia saa nane alipoazima geji ya kompresheni, ile ya kupimia nguvu ya silinda. Silinda zote nne zilikuwa zimechoka, tena kwa usawa. Zilizeeka pamoja kwa upendo, hakuna iliyomwacha mwenzake nyuma, ndiyo maana injini ilinguruma vizuri bila kukohoa. Pistoni zilikuwa zimelika kweli, na ringi zimekwisha kweli. Daktari akakaa chini kwenye oili, na koti lake jeupe.

Alimkuta Mama Dobi uani kwake akianika mashuka.

"Mama, umenitapeli. Injini imekufa."

"Pole. Nani kakwambia?"

"Nimeipima."

"Mimi nilipimiwa mwezi uliopita," alisema Mama Dobi, akikung'uta foronya. "Kijana mmoja hapo stendi, hana koti wala nini. Akabadilisha filta, akaona bado, akapima. Akasema injini basi."

"Na ile filta chafu?"

"Ya zamani, sikuwa nimeitupa. Nikairudisha, nikazunguka kwa mafundi. Watatu walinionyesha hapo hapo, wakasema mama, hii ibadilishwe kwanza. Nikawashukuru, nikarudi nyumbani na vani yangu. Wewe ungenionyesha filta tu, mwanangu, saa hizi kigari chako unacho." Akachukua shuka jingine. "Mimi sikukuambia uongo hata neno moja. Umesema imekufa, nikaamini."

Daktari akakimbilia kwa wale wa magari chakavu. Wakamtazama kwa huzuni. "Daktari, hiyo si maiti? Ulivuka mwenyewe ukatutangazia." Akampigia simu mwenye mikate, naye alikuwa ameshasikia kwamba vani hiyo ni maiti, na ameshapata gari jingine. Miaka yote Daktari alihangaika watu wamwamini, na siku hiyo wakamwamini mji mzima.

Saa kumi na moja alifika nyumbani kwa miguu. Mkewe alikuwa mlangoni, marundo ya sare yako miguuni pake, hayajapelekwa. Njiani Daktari alikuwa ameandaa uongo wa aina tatu, mmoja ulikuwa na polisi ndani yake. Akafungua mdomo, lakini habari za mtaa zilikuwa zimeshafika kabla yake, mkewe akamtangulia.

"Ulisema ile injini imekufa?"

"Nilisema."

"Na imekufa kweli?"

Daktari alitazama chini. "Imekufa."

Mkewe akaokota rundo moja la sare, akalitwika kichwani, akapita mbele yake kuelekea barabarani.

"Miaka kumi na moja nakuomba useme kweli hata siku moja," alisema. "Ukachagua siku ya gari langu."