Ng'ombe wa Daktari Obedi

Obedi aliliona neno hilo mlangoni mwa chumba kimoja cha hospitali, siku alipokwenda kuwauzia wagonjwa soksi. Fiziotherapia. Akachungulia. Mtu alikuwa ananyoshwa mguu, hapakuwa na sindano wala kidonge, na alipomaliza kunyoshwa alishukuru akaondoka. Obedi aliziacha soksi zake hapo hapo kwenye benchi. Tiba bila dawa, jamani. Maana yake hakuna dawa ya kununua, na bwana afya akija hakuna cha kukamata.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, Mwanza nzima inauza, mwenye mitumba na mwenye vichwa vya sangara. Obedi alikwisha kuuza saa zisizotembea na redio zisizosema. Sasa akanunua mnadani mashine ya umeme yenye mkanda, ile ya kutikisa matumbo ya wanene, akaisimika kwenye chumba chake cha kupanga kule Ilemela, akavaa koti jeupe na kuandika ubaoni: Fiziotherapia ya Watoto, Pumu ya Ngozi, Bila Dawa.

Pumu ya ngozi aliichagua kwa akili, tumpe haki yake. Ugonjwa ule huja na kwenda. Ukitulia, sifa ni za mashine. Ukirudi, lawama ni za mama wa mtoto. Waovu nimewaona wengi, lakini anayekaa chini kupigia hesabu kujikuna kwa mtoto ana mahali pake huko aendako, na natumaini pamejaa upupu.

Akaja bibi mmoja kutoka Magu, Ng'washi, amemshika mkono mjukuu wake Masalu. Mtoto alikuwa na miaka sita hivi, shingo na magoti yamechanika kwa kujikuna, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Obedi alimpa bibi shikamoo ya heshima sana. Bibi akaitikia, kisha kwa Kiswahili cha kuokoteza akasema fedha hana, ila ana ng'ombe mwenye mimba. Mtoto akipona, ng'ombe ni wa daktari. Lakini kwao mgonjwa hukaa kwa anayemtibu, anakula na kulala hapo mpaka apone, na aliyemleta vilevile.

Obedi alikitazama kitanda chake kimoja. Akamfikiria ng'ombe. Akawakaribisha ndani.

Siku ya kwanza alimfunga Masalu mkanda, akamtikisa mpaka meno yakagongana. Mtoto alicheka, akatoka jasho, na jasho lile likamuwasha mara mbili. Bibi alitazama kwa adabu. Halafu akauliza, kama mtu asiyejua lolote, je, mtoto akiogeshwa maji ya uvuguvugu bila hii sabuni ya marashi, itakuwaje? Obedi akajibu kwamba hilo ndilo alilokuwa anakaribia kusema.

Basi ikawa hivyo. Kila bibi alichouliza, daktari alikuwa anakaribia kukisema. Mafuta ya mgando yapakwe ngozi ikiwa bado mbichi. Shuka ziwe za pamba, hizi za nailoni zinawasha. Kitambaa laini kiloweshwe, kikamuliwe, afungwe nacho mtoto shingoni na magotini, na kikavu kije juu yake. Kucha zikatwe. Obedi alinunua shuka, akakinga maji bombani, akafua, akakamua, akapika na ugali. Bibi alikalia kiti cha wagonjwa, ameegemea vizuri. Wateja wengine walipokuja na kumkuta daktari amejifunga kanga anaanika vitambaa, waliomba radhi wakaenda zao.

Siku Masalu alipolala mchana kutwa bila kujikuna, Obedi alijikuta anatembea kwa ncha za vidole asije akamwamsha. Akaona aibu. Kisha akakumbuka kwamba yote ni kwa ajili ya ng'ombe, roho ikatulia.

Ngozi ililainika, vidonda vikafunga. Asubuhi moja bibi akafunga mzigo: nguo zao, shuka mpya za Obedi, mafuta ya Obedi, na beseni la Obedi. Obedi akauliza amfuate lini ng'ombe wake.

"Mtoto hajapona, mwanangu. Ametulia," alisema bibi, na Kiswahili chake sasa kilinyooka kabisa. "Daktari wa hospitali alinieleza mwaka jana. Ugonjwa huu ukitunzwa hutulia, ukipuuzwa hurudi. Na mambo yote haya ya maji na shuka alinifundisha yeye. Lakini kwetu kisima kiko mbali, na msimu wa kuchuma pamba mikono sina. Nikatafuta mtu mwenye bomba na tamaa."

Obedi alilitazama beseni lake lililofungwa mzigoni.

"Kwa hiyo ng'ombe?" aliuliza.

"Ahadi ni ahadi. Siku akipona kabisa, ni wako. Wanasema wengine hupona wakiwa watu wazima."

Akamwomba amsaidie mzigo hadi barabarani, na mpumbavu yule akaubeba.

Mnadhani alijifunza? Msimu wa pamba uliofuata walipopiga hodi, aliwafungulia. Bibi alimwarifu kwamba ng'ombe wake amezaa jike, na ndama naye ni wa daktari. Obedi akashukuru sana, akachukua ndoo, akaenda kukinga maji.